Kemia Haisomwi kwa Macho

Ipo fikira inayopita siku hizi katika ofisi, na hata katika vyumba vya walimu, kwamba mazoezi ya maabara katika masomo ya kemia ya vyuo vikuu ni gharama inayoweza kupunguzwa. Fikira hiyo ilipata nguvu mwaka 2020, pale maradhi ya Korona yalipofunga vyuo katika nchi nyingi, na wanafunzi wakaoneshwa majaribio kwa filamu. Walifanya mitihani, wakafaulu, wakaendelea. Basi wako wanaouliza: ikiwa liliwezekana siku zile za dharura, kwa nini lisiwezekane daima? Sisi tunasema wanaouliza hivyo wanakitazama cheti tu, hawamtazami atakayekibeba.

Tuchukue kemia ogania, yaani kemia ya misombo ya kaboni, katika muhula wake wa pili. Muhula wa kwanza mwanafunzi huzoea maumbo ya molekuli na vifungo vyake. Wa pili ndio unaoogopwa: pete ya benzini, fenoli, aldehidi na ketoni, asidi za kaboksili na esta zake, amini. Mabadiliko ya kikemia yanayotakiwa kujulikana ni mengi, na anayejaribu kuyahifadhi moja moja kama orodha ya majina huzama kabla ya mtihani wa kati. Hapo ndipo vijana wengi wanaotamani udaktari na ufamasia hukata tamaa.

Watu wa Unguja na Pemba hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Harufu ya karafuu inatokana hasa na yujenoli, molekuli yenye kaboni 10, haidrojeni 12 na oksijeni 2. Ina pete ya benzini. Ina kundi la fenoli. Ina mkia mfupi wa kaboni tatu wenye kifungo maradufu. Pamoja nayo katika mafuta ya karafuu imo esta yake, asetati ya yujenoli. Sehemu kubwa ya muhula wa pili, kwa hiyo, imelala juani katika majamvi yetu kila msimu wa uchumaji.

Na jaribio lake ni mashuhuri katika maabara za vyuo duniani. Yujenoli peke yake huchemka kwenye nyuzi 254 hivi za sentigredi, joto linaloweza kuiharibu; lakini ikichukuliwa na mvuke wa maji hupanda chini kidogo ya nyuzi 100, ikapozwa, ikatona chupani. Mafuta hayo yakitikiswa pamoja na maji ya haidroksidi ya sodiamu, yujenoli, kwa kuwa ni fenoli na ina uasidi kidogo, huingia katika maji. Visivyo na uasidi hubaki juu. Tabaka mbili zikishatenganishwa, maji yale yakitiwa asidi, yujenoli hurudi kuwa mafuta. Maneno haya hayajai ukurasa. Kuyatenda ni kazi ya mchana mzima, na katika mchana huo mwanafunzi hugundua yale ambayo filamu haimwambii: kwamba tabaka mbili wakati mwingine hukataa kuachana zikawa kama maziwa, kwamba chombo kinachotikiswa bila kutolewa pumzi hurusha kizibo, kwamba mafuta aliyotarajia hayafiki nusu na lazima aeleze yamepotelea wapi.

Waliosoma chuoni watatuelewa upesi. Hakuna aliyejua tajwidi kwa kuutazama msahafu peke yake. Ulikaa mbele ya mwalimu, ukasoma kwa ulimi wako, akakurudisha pale pale ulipoteleza, mara kumi kama ilibidi. Kuhifadhi kulikuwa na heshima yake, lakini ulimi ulifundishwa kwa kutumika. Mkono wa mkemia ni hivyo hivyo.

Jambo hili si la wanafunzi peke yao. Wawi, karibu na Chake Chake, kipo Kiwanda cha Makonyo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, kinachotoa mafuta kutokana na vikonyo vya karafuu. Thamani ya mafuta ya namna hiyo sokoni hutegemea sana kiasi cha yujenoli kilichomo. Kipimo cha jadi cha kiasi hicho ni lile lile jaribio tulilolieleza: mafuta yaliyopimwa hutikiswa na haidroksidi, kisha husomwa ni kiasi gani hakikuyeyuka. Nchi isiyokuwa na watu wake wa kutosha wa kupima itapokea kipimo cha mnunuzi, na bei yake. Zaidi ya hayo, tangu karne ya 19 wakemia wa Ulaya walijua kuihamisha nafasi ya kifungo maradufu cha yujenoli, kisha kuikata kwa oksijeni ikawa vanilini, ladha ya vanila. Leo vanilini nyingi ya viwandani hutokana na petroli, lakini somo limebaki: aliyeujua mkia wa molekuli alipata faida ambayo muuza gunia hakuiona.

Tunajua jibu la wenye hazina: fedha hazitoshi. Tunawajibu kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika Chuo cha Bowdoin, jimbo la Maine, Marekani, walimu walianza kufundisha kemia ogania kwa vipimo vidogo mno, chini ya gramu moja badala ya makumi ya gramu. Nia yao kubwa ilikuwa kuisafisha hewa ya maabara; gharama nazo zikashuka. Konzi moja ya karafuu inatosha kundi la wanafunzi. Kinachotakiwa zaidi ni vioo vizuri, kabati la kufyonza moshi, na fundi wa maabara anayelipwa mshahara wa kumfanya abaki.

Maafisa wa ununuzi nao wakumbuke kwamba etha na asidi kali hazisafirishwi kama mchele. Zina masharti ya bandarini na ya melini, na agizo lililotiwa saini muhula ukiwa umeanza litafika muhula ukiwa umekwisha. Liandikwe mwaka kabla.

Lipo la mwisho, nalo hatulioni likizungumzwa. Visiwa vyetu vina mawe ya matumbawe yanayopitisha maji, na visima vyetu hunywa humo humo. Viyeyusho vyenye klorini ni vizito kuliko maji. Vikimwagwa katika sinki huzama ardhini na kukaa miaka mingi. Kila maabara ya chuo iwe na mapipa ya taka yaliyoandikwa, daftari la kilichomo, na mtu mmoja mwenye dhamana anayejulikana kwa jina, kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa.