Mtoto Anayepumua kwa Mdomo si Mzembe

Kuachama, kwa Waswahili, ni dalili ya mtu aliyezubaa. Mtoto anayekaa darasani midomo ikiwa imeachana huambiwa na mwalimu wake afunge domo, na wenzake humtungia jina. Akisinzia saa nne asubuhi huhesabiwa mvivu; akianguka mtihani, hukumu imekamilika. Walakini wako wengi miongoni mwa watoto hao ambao hawakuchagua kuachama. Pua zao zimeziba, na mwili umetafuta njia nyingine ya kupata hewa. Ni jambo la kusikitisha kwamba mtoto wa namna hiyo hupata viboko kabla ya kupata daktari.

Nyuma ya pua, juu ya koo, kila mtoto ana tezi laini ambazo watu wengi huziita nyama za puani na madaktari huziita adenoidi. Kazi yake ni kupambana na vijidudu vinavyoingia na hewa. Hukua upesi katika miaka ya kwanza, kisha husinyaa mtoto anapobalehe. Kwa baadhi ya watoto hukua kupita kiasi hata zikaziba njia ya hewa, na mara nyingi mafindofindo nayo huwa yamevimba. Wengine wana mzio wa vumbi au ukungu wa kuta, na moshi wa kuni na mkaa huzidi kuikera ngozi laini ya ndani ya pua. (Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, husemwa zaidi kwa habari za misitu na mapafu ya akina mama. Pua za watoto wanaolala karibu na jiko nazo zimo katika hesabu hiyo.) Mtoto wa namna hii hukoroma, hujigeuzageuza usiku kucha, na pengine pumzi hukatika kwa sekunde kadhaa kabla hajashtuka. Huamka amechoka kuliko alivyolala. Wazazi wengi humsikia mtoto wa miaka mitano akikoroma kama mtu mzima nao hucheka, kumbe wanaucheka ugonjwa.

Jambo hili si geni katika elimu ya tiba. Wilhelm Meyer, daktari wa Denmark, alizieleza tezi hizo na madhara yake mwaka 1868. Lililochukua muda kueleweka ni uhusiano wa pua na taya. Kaakaa, yaani dari ya kinywa, ndiyo sakafu ya pua. Mtoto anayepumua kwa pua hufunga midomo, na ulimi wake hupumzika juu ukiegemea kaakaa. Ulimi huo husaidia kulizuia taya la juu lisibanwe na misuli ya mashavu. Pua ikiziba, mdomo hufunguka, ulimi hushuka, na mashavu hubaki yakisukuma bila kizuizi, mwezi baada ya mwezi, mfupa ambao bado unakua. Hapo taya huweza kukua jembamba na kaakaa likapanda juu mithili ya paa la msonge. Meno ya kudumu hukosa nafasi na kupandana, magego ya juu huuma ndani ya yale ya chini, na uso hurefuka.

Sten Linder-Aronson wa Sweden aliuonyesha uhusiano huo mwaka 1970 alipochunguza watoto wenye adenoidi kubwa. Huko Marekani Egil Harvold na wenzake waliziba pua za kima, wakaona taya na meno yao yakibadilika. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1981. Yafaa isemwe kwa haki kwamba kima hao walizibwa pua kabisa, hali ambayo ni nadra kwa mtoto. Tena urithi una sehemu yake kubwa, na si kila mwenye uso mrefu alianza kwa pua iliyoziba. Lakini uhusiano wenyewe upo.

Matibabu basi yana mpangilio wake, na mpangilio huo ndio unaovurugwa kila siku: pua huja kwanza, taya hufuata, na kunyoosha meno huwa mwisho. Mtoto anayeachama aonwe kwanza na daktari wa masikio, pua na koo. Wengi hupata nafuu kwa dawa ya mzio ya kupuliza puani. Wengine huhitaji kuondolewa adenoidi na mafindofindo. Wala si kila mmoja apelekwe kwenye kisu. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013, uliohusu watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 waliokuwa na tatizo la pumzi kukatika usingizini, vipimo vya usingizi vilirudi katika hali ya kawaida kwa asilimia 79 ya waliofanyiwa upasuaji. Miongoni mwa waliosubiri chini ya uangalizi, asilimia 46 nao walipona bila upasuaji katika muda wa miezi saba.

Pua ikishafunguka ndipo taya litazamwe. Taya la juu lina vipande viwili vya mfupa vilivyounganishwa katikati na mshono. Utotoni mshono huo bado unalegea. Katika ujana hukazana, na kwa mtu mzima aghalabu hauachani pasipo upasuaji. Kwa hiyo daktari bingwa wa kupanga meno humvalisha mtoto kifaa chenye parafujo ndogo, ambayo mzazi huizungusha kwa ufunguo, kila mara ikisogea kama robo ya milimita. Baada ya wiki chache taya limepanuka, kisha kifaa huachwa mahali pake kwa miezi kadhaa hadi mfupa mpya ujaze pengo. Si uvumbuzi wa jana: Emerson Angell aliieleza njia hiyo huko San Francisco mwaka 1860. Chama cha madaktari hao nchini Marekani kinashauri kila mtoto atazamwe afikapo umri wa miaka 7. Huo ni umri ambao mtoto wa Tanzania yumo katika madarasa ya mwanzo, akionwa na mwalimu kila siku ya juma.

Hapa lazima wananchi watahadharishwe. Kupanua kaakaa mapema kuna faida iliyothibitika pale taya la juu linapokuwa jembamba na magego yanauma upande usiofaa. Faida hiyo isigeuzwe kuwa ahadi ya kila kitu. Kwa watoto ambao meno ya juu yametokeza mbele, tathmini ya pamoja ya tafiti iliyotolewa mwaka 2018 ilionyesha kwamba kuanza mapema hupunguza hatari ya meno hayo kuvunjika, lakini zaidi ya hapo hakuleti tofauti kubwa na kungoja ujana. Pamoja na hayo, matangazo ya mitandaoni humwuzia mzazi mipira ya kutafuna, plasta za kumfunga mtoto mdomo usiku, na vifaa vinavyodaiwa kuukuza uso na kuongeza akili. Kumfunga kwa plasta mdomo mtoto ambaye pua yake imeziba ni hatari tupu. Huko Uingereza, mwaka 2024, baraza linalosimamia madaktari wa meno lilimfuta katika daftari lake daktari mmoja mashuhuri kwa sababu ya matibabu ya namna hiyo aliyowapa watoto. Nchi yenye usimamizi mkali imelazimika kuchukua hatua hiyo. Mzazi wa Buguruni anayenunua kwa simu analindwa na nani?

Nasi tunayo ya kwetu ya kuacha. Mtoto mwenye kikohozi kisichokoma na makoromeo ya usiku hupelekwa akakatwe kimeo, kwa wembe ambao pengine umekwisha pita katika koo nyingine. Kimeo hakizibi pua, na kukikata hakuigusi adenoidi hata kidogo. Kinachopatikana ni damu, usaha, na nyakati nyingine kifo. Kadhalika tangu miaka ya 1980 kumekuwa na balaa la kung'oa kile kinachoitwa meno ya nailoni, nayo si kitu ila vichipukizi vya chonge za mtoto mchanga. Taya hilo, ambalo lilipaswa kulindwa, linaharibiwa kabla mtoto hajaota jino la kwanza.

Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa wanafunzi 1,601 wa Kinondoni na Temeke, ambao ulikuta karibu asilimia 64 wana walau kasoro moja ya mpangilio wa meno. Si kasoro zote zinazohitaji tiba, wala si zote zilizotokana na kupumua kwa mdomo. Lakini watoto hao walikuwa na umri wa miaka 12 hadi 14, na kwa wengi wao wakati mwepesi wa kulirekebisha taya ulikuwa unakwisha. Mafunzo ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979, lakini mabingwa wa kupanga meno wangali wachache na wamekusanyika mijini. Haitazamiwi kwamba kila kata itampata mmoja.

Kinachowezekana ni kumtambua mtoto mapema. Kioo kidogo kikiwekwa chini ya pua huonyesha kwa ukungu wake kama hewa inapita. Mtoto akiombwa kushika maji kinywani kwa dakika moja bila kumeza, mwalimu ataona kama anaweza. Mama akiulizwa kama mwanawe hukoroma kila usiku, atajibu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima karibu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio wakajifunza juu ya malaria na vyoo. Hili la pua ni dogo kuliko hayo, na redio zimeongezeka. Mwalimu akishaona, apeleke jina zahanati, na zahanati iwe na mahali pa kumpeleka mtoto.

Linabaki suala la gharama, nalo ndilo litakaloamua kama haya ni ya watoto wote au ya wachache. Katika mawazo ya wengi waya wa meno ni urembo, na kwa kweli mara nyingine ni urembo. Lakini mtoto wa miaka minane ambaye taya lake limebanwa hatafuti urembo. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wanaopanga mafao yake wanapaswa kutenga mambo haya mawili kwa maandishi: nyaya za kupendezesha alipie anayezitaka, na uchunguzi wa pua, upasuaji wa adenoidi pale unapohitajika, na kifaa cha kupanulia kaakaa kwa mtoto wa shule ya msingi viandikwe kuwa ni matibabu.