Uvimbe wa Ubongo: Tumlaumu Nani?

Ndugu msomaji, chukua mfano wa mfanyakazi mwenye umri wa miaka 45, ambaye hajapata kuugua kifafa maishani mwake. Asubuhi moja, akijiandaa kwenda kazini, anaanguka. Viungo vinatetemeka na povu linamtoka kinywani. Kabla jua halijatua, nyumba imekwisha kugawanyika. Ndugu wa mume wanamtazama mke kwa jicho la shaka. Jirani anakumbusha ule ugomvi wa kiwanja. Kijana wa nyumbani anasema ni hiyo simu ambayo baba huiweka sikioni mchana kutwa. Wiki zinapita, fedha zinakwisha kwa waganga, na mkono mmoja wa mgonjwa unazidi kulegea. Siku anapofikishwa hospitali na kupigwa picha ya kichwa, ndipo unapoonekana uvimbe ndani ya ubongo.

Swali linaloulizwa nyumbani humo ni moja: umetoka wapi? Leo safu yetu inalichunguza swali hilo. Hapana budi kuyapima yanayosemwa mitaani na yale yaliyothibitishwa na wataalamu, maana jibu lisilo sahihi huvunja ndoa na kumchelewesha mgonjwa.

UVIMBE NI NINI

Uvimbe wa ubongo ni mkusanyiko wa chembe hai zilizoacha utaratibu wake na kuanza kuzaliana ovyo. Upo unaoanzia katika ubongo wenyewe au katika utando unaoufunika. Upo pia uliohamia kichwani kutoka kiungo kingine kilichoshikwa na saratani, hasa mapafu, matiti, figo au ngozi. Kwa watu wazima, huu wa pili ndio unaotokea mara nyingi zaidi. Kwa hiyo mvutaji wa sigara anayejitafutia saratani ya mapafu anauhatarisha ubongo wake pia.

Saratani inayoanzia kichwani ni adimu. Mwaka 2022 ilikadiriwa kwamba wagonjwa wapya wa saratani ya ubongo na mfumo wa fahamu walikuwa kama 320,000 duniani kote, ambapo wagonjwa wapya wa saratani ya matiti walizidi milioni 2. Aidha, si kila uvimbe ni saratani. Meninjioma, uvimbe unaoota katika utando wa ubongo, mara nyingi si saratani. Lakini fuvu la kichwa ni sanduku la mfupa lisilotanuka. Hata uvimbe usio saratani huweza kuleta madhara makubwa kwa kuubana ubongo.

FUNZO LA MAPUNYE

Nje ya mwili, chanzo kilichothibitishwa kuliko vyote ni mionzi yenye nguvu, kama ile ya eksirei. Msomaji atashangaa kusikia kwamba sehemu kubwa ya ushahidi huo ilipatikana kwa sababu ya ugonjwa ambao kila mzazi anaujua, yaani mapunye.

Kati ya mwaka 1948 na 1960, huko Israeli, maelfu ya watoto, wengi wao wakiwa wametoka katika familia zilizohamia kutoka Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, walimulikwa vichwani kwa mionzi ili nywele zinyonyoke na kuvu wa mapunye atibiwe. Wakati huo tiba hiyo ilihesabiwa kuwa nzuri, na ilitumika katika nchi nyingi mpaka vidonge vya griseofulvini vilipopatikana mwishoni mwa miaka ya 1950. Watoto walipona mapunye, wakakua, wakaoa na kuolewa.

Matokeo yalijitokeza baadaye. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1988, uliowafuatilia watu 10,834 waliopata tiba hiyo, ulionyesha kwamba hatari ya kupata meninjioma ilikuwa mara 9.5 ya ile ya watu ambao hawakumulikwa. Kwa glioma, uvimbe unaoanzia ndani ya ubongo wenyewe, ilikuwa mara 2.6. Mwaka 1994 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kuwalipa fidia walioathirika. Kadhalika, manusura wa mabomu ya atomiki yaliyoangushwa Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945 walionekana kuwa na uvimbe wa aina hii kwa wingi zaidi.

Je, tuikimbie eksirei? La hasha. Picha ya kifua au ya jino hutumia mionzi kidogo sana, na daktari anapoiagiza faida yake huipita hatari yake. Funzo ni kwamba picha zisipigwe bila sababu, hasa picha za CT kwa watoto. Tena tujifunze kwamba chanzo huweza kujificha miaka ishirini au thelathini. Anayetafuta mkosaji katika ugomvi wa juzi anatafuta mahali pasipo na kitu.

URITHI, KINGA NA HOMONI

Zipo familia chache zenye kasoro za vinasaba zinazoleta uvimbe wa ubongo kizazi hadi kizazi. Lakini kwa wagonjwa walio wengi sana, ugonjwa haukurithiwa. Umri nao una nafasi yake, kwani hatari huongezeka kadiri miaka inavyosogea. Mtu ambaye kinga yake imeporomoka kwa VVU bila matibabu huweza kupata saratani ya limfu ndani ya ubongo. Kumeza dawa za VVU kila siku ni njia ya kujikinga na hilo pia.

Akina mama hupata meninjioma zaidi kuliko wanaume, karibu mara mbili. Uchunguzi wa Ufaransa uliotangazwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba wanawake waliotumia sindano ya uzazi wa mpango yenye medroksiprojesteroni kwa mwaka mmoja au zaidi walikuwa na hatari mara 5.6 ya kufanyiwa upasuaji wa meninjioma. Tafadhali, dada msomaji, usiikimbie kliniki kwa habari hii. Ugonjwa wenyewe ni adimu, na mimba usiyoitarajia nayo ina hatari zake. Aliyeitumia sindano hiyo kwa miaka mingi na amzungumzie mhudumu wake wa afya. Njia nyingine za uzazi wa mpango zipo.

NA SIMU JE?

Mwezi Mei 2011, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliyaweka mawimbi ya simu katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikaleta saratani. Neno hilo "huenda" lilipotea njiani, na hofu ikabaki. Tangu hapo uchunguzi umeendelea. Mwaka 2024, tathmini kubwa iliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani haikuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Mawimbi ya simu hayana nguvu ya kuvunja vinasaba kama eksirei. Anayetaka kupunguza shaka atumie spika ya simu. Lakini asiache kwenda hospitali kwa kudhani kwamba ameshakijua chanzo.

Tukumbuke pia kwamba si kila kifafa cha ukubwani ni uvimbe wa namna hii. Katika maeneo yanayofuga nguruwe hapa nchini, kama Mbulu na Nyanda za Juu Kusini, mayai ya minyoo tegu wa nguruwe yanayotoka katika kinyesi cha binadamu huingia mwilini kwa chakula au mikono michafu, na viluwiluwi vyake hujikita katika ubongo. Choo bora, sabuni na nyama iliyoiva vizuri ni kinga ya balaa hilo.

USISUBIRI

Ukweli ulio mgumu kuupokea ni huu: kwa wagonjwa wengi hakuna chanzo kinachopatikana. Hawakukosea, wala hawakukosewa na mtu. Basi jibu la swali letu ni kwamba hakuna wa kulaumiwa. Lipo jambo la kufanya, nalo ni kuwahi.

Kifafa kinachoanza ukubwani, maumivu ya kichwa yanayozidi wiki hadi wiki na kuwa makali alfajiri, kutapika bila sababu, macho kufifia, upande mmoja wa mwili kulegea, au tabia ya mtu kubadilika ghafla: dalili hizi zinataka hospitali. Upasuaji wa ubongo hufanyika katika taasisi ya MOI pale Muhimbili. Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, mionzi ile ile iliyowadhuru watoto wa mapunye leo hupimwa kwa uangalifu na kutumika kuwatibu wagonjwa.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Akianguka mmoja wenu nyumbani, mlazeni ubavu, msimtie kitu kinywani, na fedha mliyotaka kumpelekea mganga ilipeni nauli ya hospitali.