Taarifa ya shule nayo ivuke mpaka

Lori la vitunguu likikwama Namanga, mwenye mzigo anapata habari kabla jua halijazama. Wakala wa forodha atampigia, dereva atampigia, na mwenzake waliyechangia nauli ya lori hilohilo atampigia pia. Machi 2021, Kenya iliposimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, habari ilienea sokoni upesi kuliko barua yenyewe. Wafanyabiashara wa mpakani wanajua kupashana habari. Ndiyo mtaji wao wa kwanza.

Lakini shule ya mtoto wake ikifungwa ghafla, au basi la shule likipata ajali, mfanyabiashara huyohuyo huenda akawa mtu wa mwisho kujua. Namba iliyo kwenye daftari la mwalimu haipatikani, kwa sababu alipovuka mpaka alibadilisha laini. Barua aliyopewa mtoto imekaa ndani ya begi, na bibi anayelea nyumbani hasomi Kiingereza. Kundi la WhatsApp la wazazi lina ujumbe 140, na wenye maana ni mmoja.

Jambo hili linachukuliwa kuwa dogo, la mzazi mmojammoja na shule yake. Si dogo. Katika miji kama Busia, Namanga, Sirari, Mutukula, Rusumo na Gisenyi, mzazi aliye ng'ambo ya mpaka saa za mchana ni mzazi wa kawaida kabisa. Shule ambayo utaratibu wake wa dharura unadhani kila mzazi yuko umbali wa kutembea kwa miguu haijajiandaa.

Tuangalie yaliyotokea katika ukanda huu kwa miaka michache tu.

Jioni ya 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulilipuka karibu na Goma. Maelfu ya watu walikimbia usiku huo, wengine kuelekea Sake, wengine wakavuka kwenda Gisenyi upande wa Rwanda. Baada ya hapo UNICEF ilieleza kuwa watoto zaidi ya 150 walikuwa wametenganishwa na familia zao, na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kuwa wamepotea. Lava peke yake haitenganishi mtoto na mama yake. Wanatengana kwa sababu kila mmoja amekimbilia upande wake, na hakuna aliyekuwa amekubaliana na mwenzake wakutane wapi.

Usiku wa 16 Juni 2023, waasi waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wilaya ya Kasese nchini Uganda, kilomita chache tu kutoka mpaka wa Kongo. Zaidi ya watu 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi, na wengine wakatekwa. Bweni lilichomwa moto, na baadhi ya miili ilibidi itambuliwe kwa vipimo vya vinasaba. Mpondwe ni mji wa biashara. Anayeuza samaki na vitenge pale ana ndugu na wateja pande zote mbili.

Usiku wa 5 Septemba 2024, bweni la wavulana liliungua katika shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri nchini Kenya, na watoto 21 wakafa. Siku iliyofuata, Naibu Rais wa wakati huo, Rigathi Gachagua, alisema watoto 70 walikuwa hawajulikani walipo. Idadi hiyo ilishuka kadiri ilivyobainika kuwa baadhi yao walikuwa wamechukuliwa na wazazi au kuhifadhiwa katika nyumba za jirani. Watoto walikuwa hai, ila hakukuwa na mahali palipoandikwa nani amemchukua nani. Wazazi wa watoto hao, na wazazi wa wale waliofariki, walisubiri pamoja bila kujua wako kundi gani.

Endarasha haiko mpakani, lakini inatufundisha jambo la mpakani. Taarifa za usalama zina njia mbili. Shule imwambie mzazi, na mzazi aiambie shule. Anayemtuma mwendesha bodaboda akamchukue mtoto bila kumjulisha mwalimu, hata kama nia yake ni njema, anaharibu hesabu ambayo siku ya moto itahitajika kuliko kitu kingine chochote.

Si kila taarifa ni ya kifo. Aprili 2024, shule za Kenya zilitakiwa kufunguliwa Jumatatu ya tarehe 29. Kwa sababu ya mafuriko, serikali iliahirisha kwa wiki moja, wakati wanafunzi wengi wa bweni wakiwa wamejiandaa kusafiri. Tarehe 3 Mei Rais William Ruto akaahirisha tena bila kutaja siku, na hatimaye shule zikafunguliwa tarehe 13. Tarehe zilibadilika mara tatu ndani ya wiki mbili. Aliyekuwa Kampala akifuata nguo, au Arusha akifuata maharage, na amemwacha mtoto njiani kuelekea shuleni, alihitaji kujua usiku uleule.

Kalenda za kawaida nazo zinatuchanganya. Kenya ina mihula mitatu inayoanza Januari. Uganda nayo ina mitatu, na mwaka huanza kwa kawaida Februari. Tanzania ina mihula miwili. Rwanda, Burundi na Kongo huanza mwaka wa masomo Septemba. Familia yenye watoto pande mbili za mpaka inahitaji taarifa mapema ili ipange safari ya kununua mzigo.

Wapo watakaosema kuwa suluhisho ni mzazi kubaki nyumbani. Wanasahau karo inatoka wapi. Mama anayevuka alfajiri na ndizi na kurudi jioni na sabuni hakuitelekeza familia yake, anailisha. Wengine watasema shule hazina fedha. Ni kweli, shule nyingi za mpakani hazina hata chaki za kutosha. Lakini ninayopendekeza yanahitaji daftari na nidhamu, na gharama yake ni muda wa maongezi wa siku chache kwa mwaka.

La kwanza, kila mtoto aandikiwe namba tatu: namba ya mzazi ya upande wa nyumbani, namba anayotumia akiwa upande wa pili, na namba ya mlezi ambaye havuki. Tangu mwishoni mwa 2014, Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha mpango wa Eneo Moja la Mtandao uliopunguza gharama za kupiga simu kati yao, na Sudan Kusini imo. Hata hivyo wengi bado wanabadilisha laini wakivuka, na hatuwezi kupanga usalama wa watoto kwa kudhani hawabadilishi. Namba hizo zihakikiwe kila muhula unapofunguliwa, kwa kupigwa, si kwa kuulizwa tu.

La pili, mzazi aandike majina ya watu wawili wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, na mwalimu aweke alama na saa kila mtoto anapochukuliwa wakati wa dharura. Asiye kwenye orodha asipewe mtoto, hata akisema ametumwa. Mwendesha bodaboda wa kila siku naye aandikwe.

La tatu, ujumbe wa dharura uwe mfupi na uwe kwa Kiswahili, pamoja na lugha nyingine yoyote ambayo shule hutumia. Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano ya watu wa Jumuiya, na Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikipitisha kuwa lugha rasmi. Sokoni hatukusubiri uamuzi huo, tunapatana bei kwa Kiswahili kila siku. Ujumbe ujibu mambo manne tu: kumetokea nini, watoto wako wapi sasa, mzazi afanye nini, na taarifa inayofuata itatoka saa ngapi. Kwa mfano: "Mto umefurika. Watoto wote wako kanisani juu ya kilima pamoja na walimu. Usije kwa njia ya darajani. Tutatuma taarifa nyingine saa kumi jioni, saa za Uganda." Chini yake liwepo jina la mwalimu aliyeutuma.

Hayo maneno "saa za Uganda" si mapambo. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa moja. Anayevuka Rusumo, Kabanga au Gatuna anajua jinsi saa hiyo inavyomchelewesha kwenye foleni. Katika dharura, saa hiyo moja inaweza kumfanya mzazi afike geti limefungwa na mtoto ameshaondoka na mtu mwingine.

La nne, mpaka wenyewe utumike. Katika vituo vya mpakani vya huduma kwa pamoja kuna mbao za matangazo na maofisa wanaotueleza kuhusu cheti rahisi cha uasilia kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000 za Marekani. Kwenye mipaka kadhaa yapo madawati ya taarifa za biashara, na vyama vya wafanyabiashara wadogo vina viongozi wanaojulikana kwa sura. Mwalimu mkuu akiwa na namba ya kiongozi wa chama upande wa pili, taarifa itatembea kibanda kwa kibanda ndani ya nusu saa. Mipaka yetu hufungwa bila hodi. Agosti 2019 mpaka wa Gisenyi na Goma ulifungwa kwa saa kadhaa kwa hofu ya Ebola. Katika saa kama hizo mzazi asiyeweza kuvuka anahitaji kuambiwa mtoto atalala kwa nani.

Hapa nitoe tahadhari. Ubaoni na kwenye kundi la soko litajwe jina la shule na maelekezo, basi. Majina ya watoto, madarasa yao na namba za wazazi yabaki kwenye daftari la shule, limefungiwa. Orodha inayoonyesha ni nyumba zipi zina watoto peke yao siku ya mnada ni zawadi kwa mwizi. Na kila mzazi ajue ni namba ipi shule itatumia, ili sauti isiyo na jina inayosambaa kwenye simu ikidai watoto wametekwa isimkimbize mtu akauza mzigo wake kwa bei ya kutupa kabla ya kupiga simu moja ya kuuliza.

La tano, utaratibu huu ujaribiwe mara moja kila muhula. Mwalimu atume ujumbe wa majaribio siku ya soko, saa ambazo wazazi wengi wako ng'ambo, kisha ahesabu wangapi wamejibu kabla ya saa moja kupita. Siku ya Jumapili kila mtu hupatikana, kwa hiyo jaribio la Jumapili halitatuambia kitu.

Mawaziri wetu wa elimu na wa biashara hukutana Arusha na kwingineko kuzungumzia soko la pamoja. Tumeshakubaliana kuhusu ushuru na viwango vya mahindi. Taarifa za shule za mpakani zinastahili ukurasa mmoja katika makubaliano hayo: fomu moja ya mawasiliano ya dharura, kwa Kiswahili, inayokubalika pande zote mbili. Lakini hatuna sababu ya kuwasubiri. Kamati za shule na vyama vya wafanyabiashara wanaweza kukaa wiki hii chini ya mwembe uleule tunaokutania kugawana faida ya upatu.

Na wewe unayesoma gazeti hili ukisubiri foleni ya forodha isogee, kabla hujavuka mpigie mwalimu. Mpe namba utakayotumia leo, na umtajie nani atamchukua mtoto usiporudi jioni.