Kupauka Si Kutakata

Wako watu wenye elimu wasemao kwamba neno ni chombo tu, na ya kuwa mradi jambo limeeleweka si kitu mtu akitumia hili au lile. Nimewasikia mara nyingi katika mabaraza ya wasomi, nami nimezoea kuwaitikia kwa adabu. Leo nataka kuwapinga. Ushahidi wangu sitautoa katika ushairi wala katika sarufi. Nitautoa katika tangi la kioo lililojaa maji ya chumvi, katika nyumba ya ghorofa isiyo mbali na soko la Kariakoo.

Mwenye nyumba ni mfanyabiashara apendaye bahari. Katika tangi lake alitia samaki wa rangi na matumbawe matatu ya kahawia. Mwezi wa Februari, wakati wa joto la kaskazi, aliniita: "Mwalimu, njoo utazame jinsi yalivyotakata." Nilikwenda, nikayakuta meupe kama pamba. Alifurahi sana, maana matumbawe aliyoyajua tangu utoto ni yale makavu yauzwayo kwa wageni pamoja na makombe, nayo huwa meupe. Alidhani kahawia ilikuwa uchafu, na sasa umeoshwa. Nami, mwenye shahada ya udaktari katika lugha hii, nilimwambia kwamba ni mazuri. Hayakupita majuma mengi mawili kati ya hayo yakaota ukoko wa kijani, naye akaanza kuuliza dawa ya kuulia ukoko.

Hapo ndipo nilipokwenda kuuliza wajuao. Tumbawe ni makao ya wanyama wengi wadogo, kila mmoja ana kinywa chake na mikono yake myororo, nao hujijengea mifupa ya chokaa. Ndani ya nyama yao hukaa mwani mdogo mno usioonekana kwa macho. Mwani huo hupika chakula kwa nuru ya jua na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya riziki yake, kama mpangaji alipaye kodi kwa unga. Kahawia ile ni rangi ya mpangaji. Maji yakizidi joto kwa siku nyingi, mpangaji hutoka au hutolewa. Nyama hubaki angavu kama kioo, na mifupa myeupe huonekana chini yake. Weupe ule ni njaa. Tumbawe la namna hiyo bado li hai, na likiwahiwa huweza kupona. Likiachwa, nyama huoza, na mifupa iliyo wazi ndiyo iotayo ukoko. Mwenye kuutafutia ukoko dawa anasafisha kaburi.

Tulipotia kipimajoto tuliona nyuzi 32. Tangi lilikuwa karibu na dirisha la magharibi, na umeme ulipokatika pampu ilisimama na maji yakakosa hewa. Tulipopima chumvi tukakuta zaidi ya gramu 40 kwa lita, na maji ya bahari yetu huwa na kama 35. Sababu yake ni rahisi hata ya kuchekesha: kila maji yalipopungua, aliongeza maji ya bahari. Chumvi hairuki hewani. Maji ndiyo yarukayo, nayo ni maji matupu. Basi mwaka mzima alikuwa akitengeneza chumvi katika sebule yake. Kinachopasa kuongezwa ni maji baridi yaliyochujwa. Ya bomba hutiwa klorini, na ya visima vingi vya mjini yana naitreti itokayo vyooni. Hata maji ya bahari yenyewe aliyachota ufukweni mwa mji baada ya mvua, Msimbazi ulipokuwa ukimwaga taka zake. Feni moja ipulizayo juu ya maji, tangi kuondolewa dirishani, na kusawazisha chumvi kidogo kidogo kwa siku kadhaa: hayo ndiyo matibabu, wala hayana dawa ya chupa.

Sasa narudi kwa wapinzani wangu. Mtu huyu hakukosa fedha, wala hakukosa mapenzi. Alikosa neno. Angalisema "yamepauka" siku ile ya kwanza, angalishtuka mwenyewe, maana kila Mswahili ajua kupauka ni nini. Mtoto aliyepauka miguu hupakwa mafuta. Hapongezwi, wala hazikwi. Neno hili lina aibu ndani yake na lina tumaini pia. Kutakata ni sifa, na mtu hatibu sifa.

Wengine watasema afundishwe istilahi ya Kiingereza. Nawaomba waitazame. Jina walilolipa maradhi haya ndilo waliloipa kazi ya kutia nguo dawa ziwe nyeupe na kuondoka madoa. Yaani kosa la rafiki yangu limo ndani ya istilahi yenyewe! Lugha yetu hapa imeona vizuri zaidi, na sisi twaiacha ikae kimya.

Wala sisi walimu hatuna usalama. Neno tumbawe tumelirithi zaidi kwa mlango wa waashi: mawe ya ukuta, chokaa ya tanuri, kuta za Boma la Kale alilolijenga Sultani Majid mbele ya bandari yapata mwaka 1867. Uliza darasani tumbawe ni nini, utajibiwa: jiwe. (Wako wanaotaka sasa tuseme "matumbawe wamekufa", kwa kuwa ni wanyama. Sioni haja, wavuvi husema "yamekufa" na wajua wasemalo.) Aliyefundishwa kuwa ni jiwe, likiharibika ataokota jingine. Rafiki yangu alikwisha kupanga mashua ya kwenda Bongoyo. Nilimwambia kwamba Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu mwaka 1975, na kwamba tumbawe la duara lenye upana wa chungu cha pilau, likikua kama sentimita moja kwa mwaka kila upande, lina umri wa mwanafunzi wa sekondari. Miamba hiyo ilivumilia baruti za wavuvi kwa miongo mingi. Joto la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi ya pwani yetu, likarudi mwaka 2016, na tena mwaka 2024. Huko nje hakuna feni.

Mashua haikwenda. Tumbawe la tatu, ambalo nyama yake ilikuwa haijaoza, tuliliacha mahali pake. Mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma, alinipigia simu kunieleza kwamba ukingoni pameanza tena kuwa na kahawia, akaniuliza kama apasuguapo kwa brashi. Nilimwambia asiguse.