Draiva mpya haifungi bao

Mcheza gofu wa ridhaa wa Mkolani akipata draiva mpya, ni yale yale ya straika na viatu vipya: mazoezini moto, siku ya mechi mpira unapaa jukwaani. Na sheria inabana: kichwa cha fimbo kisizidi sentimita za ujazo 460.

Mei 2025 huko Marekani, kwenye PGA Championship, draiva ya Scottie Scheffler ilifeli ukaguzi. Akashika nyingine, akabeba kombe kwa tofauti ya mipigo 5. Rory McIlroy naye yalimkuta hayo hayo, ila kombe akalisikia kwa jirani.

Basi kabla ya kuvunja kibubu, mtu wa Mkolani alipie kwanza mazoezi. Fimbo inauzwa dukani, mkono hauuzwi.