Ukuta Kwanza, Rangi Baadaye



Kiangazi kikishika hapa Kasulu, kati ya Juni na Septemba, familia nyingi hupaka nyumba zao rangi. Huo ndio wakati ufaao, kwa kuwa kuta zimekauka. Hata hivyo, kila mvua zinaporejea, sisi tunaosikiliza malalamiko ya waumini baada ya swala hukutana na neno lilelile: rangi imebanduka, na mwenye nyumba na fundi hawasalimiani tena. Mara nyingi kasoro haimo katika rangi. Imo katika kazi iliyorukwa kabla ya kopo kufunguliwa.

Kila ukuta una haki yake. Plasta mpya ya saruji iachwe wiki 4 hivi, kwa sababu ukali wake huiharibu rangi, hasa ya mafuta. Ukijitokeza unga mweupe, upanguswe kwa brashi kavu. Ukioshwa, maji huirudisha chumvi ndani. Ili kujua kama ukuta umekauka, bandika kipande cha nailoni, ziba kingo zake zote, kiache siku nzima. Ukikuta matone nyuma yake, subiri.

Ukuta wa chokaa, upitishie kiganja. Kikitoka cheupe, chokaa ile ikwanguliwe na vumbi lifutwe, ndipo ipakwe praima. Rangi iliyopakwa juu ya chokaa legevu huishika chokaa, haiushiki ukuta. Nyumba ya tofali mbichi au ya udongo isipakwe rangi ya mafuta, kwani huufungia unyevu ndani, chokaa yaitosha.

Jiko la kuni lioshwe masizi kwa sabuni, likauke, kisha lipakwe praima ya mafuta. Bila hiyo doa la moshi hupenya rangi ya maji. Mbao zisuguliwe msasa kwa kufuata nyuzi zake. Nondo za madirisha zisuguliwe kwa brashi ya waya, na zipakwe rangi ya kuzuia kutu siku ileile.

Lipo jambo zito kuliko sura ya nyumba. Rangi za mafuta za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Huathiri zaidi ubongo wa mtoto mdogo, naye ndiye atambaaye sakafuni na kutia vidole kinywani. Rangi kuukuu isisuguliwe ikiwa kavu. Ilowanishwe kwanza, watoto na mama wajawazito wakae mbali, vyombo na matandiko vitolewe, na sakafu ipigwe deki badala ya kufagiwa.

Kazi hii yote yataka siku na ujira. Anayemlipa fundi kwa kupaka tu, kisha akatarajia aandae ukuta bure, amejitafutia ugomvi. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara yatufundisha kuandika deni. Basi na tuandike pia mapatano yetu: maandalizi yepi, siku ngapi, malipo kiasi gani. Fundi ataifanya kazi kwa ihsani, na mwenye nyumba atajua alicholipia.

Wabillahi tawfiq.