Kelele Si Nguvu: Pozeni Hewa Kwanza

Leo wenye Subaru mtanikasirikia, lakini lazima tuongee. Mnanunua vitu vya kusikika na kuacha vitu vya kupoza. Ekzosi inalia mpaka mtaa mzima unaamka, halafu ukifungua boneti, intakula imejaa vumbi na raba yake imeisha. Manze, hiyo si gari ya nguvu. Hilo ni debe.

Turudi kwa msingi. Tabo inashindilia hewa ili injini ipate oksijeni nyingi na ichome petroli zaidi. Sasa, hewa ukiishindilia inapata moto. Ushawahi kujaza baiskeli upepo? Pampu huchoma mkono pale chini. Tabo ni kazi hiyo hiyo, ila kwa kasi ya ajabu. Ikichukua hewa ya nyuzi 20 na kuipandisha presha mara mbili, hewa hiyo inaweza kutoka ikiwa imepita nyuzi 100. Na hewa ya moto imetanuka: kwa presha ileile, hewa ya nyuzi 110 ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko hewa ya nyuzi 40. Nguvu unayojigamba nayo imepotelea hapo.

Hiyo ni hasara ndogo. Hewa ikizidi moto, mchanganyiko ndani ya silinda unaweza kulipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Kompyuta ya gari ikigundua, inachelewesha plagi, na gari inakuwa nzito. Lakini kama kuna mtu amekuchezea kompyuta kwa bei ya kutupa, kinga hiyo inaweza kuwa imeenda. Kinachofuata ni pistoni kupasuka, na akiba yako ya mwaka mzima inabaki kwa fundi.

Ndiyo maana kuna intakula. Kwa Impreza WRX na Forester XT za zamani, inakaa juu ya injini, na lile tundu la boneti ndilo linaipelekea upepo. Si pambo! Na bado kuna watu wanabandika tundu la plastiki kwenye gari isiyo na tabo. Buda, unapoza nini?

Halafu kuna filta ya koni. Mnang'oa boksi la kiwandani, ambalo huvuta hewa baridi kutoka mbele, mnaweka koni wazi katikati ya joto la injini. Sauti tamu, sikatai. Lakini tabo sasa inaanza na hewa iliyokwisha kupata moto, na itaitoa ikiwa moto zaidi. Kama lazima uwe na koni, ikinge na ipe njia yake ya hewa ya nje.

Najua kuna mtu ashaanza: "Nairobi ni baridi, hayo ni ya Mombasa." Hapana. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, na hewa yake ni nyepesi. Tabo ikitaka kufikia presha ileile ya Mombasa, lazima ikamue zaidi, na kukamua zaidi ni joto zaidi. Ongeza jam ya Thika Road: gari limesimama, tundu halipati upepo, intakula inapikwa na injini iliyo chini yake. Jam ikifunguka, wewe unakanyaga mpaka mwisho. Ngoja kwanza. Endesha polepole dakika chache upepo upite.

Kwa hivyo kabla hujanunua ekzosi nyingine, safisha intakula. Nyoosha mapezi yake yaliyolala. Badilisha raba inayoelekeza upepo kutoka kwenye tundu. Kagua mipira yote, kwa sababu ikivuja, tabo inafanya kazi ya ziada na hewa inazidi moto. Hakuna atakayegeuka barabarani kuangalia raba mpya. Lakini injini haijengwi kwa makofi ya watu wa steji.